Vitabu Vitatu vya Kaka Yangu

Naomba mnivumilie. Mwandiko wangu ni mbaya na kuna maneno ambayo sina hakika yanaandikwaje. Nilimaliza darasa la nane nikaishia hapo. Naandika polepole, ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima, kwa sababu katikati lazima niinuke nimgeuze kaka yangu upande wa pili ngozi yake isije ikachubuka. Mkiona nimekosea, jueni si kwa kudharau wasomaji.

Kaka yangu ana miaka ishirini na tatu. Mimi nina kumi na tisa. Tunaishi na mama juu kidogo ya Keringet, mahali ambapo ukungu huingia hadi jikoni. Mama husema kaka alizaliwa bila kulia, wakamshika miguu wakampigapiga mgongo muda mrefu kabla hajavuta pumzi. Hatembei na hasemi. Mikono yake imejikunja kifuani na ana kifafa. Lakini anaelewa kila kitu. Akikubali huinua macho juu, akikataa huyafumba. Kuku wakiingia ndani na mama akiwafukuza kwa ufagio, hucheka mpaka inabidi nimwinamishe asipaliwe na mate.

Mama huchimba viazi kwenye mashamba ya watu, na lazima mmoja wetu abaki nyumbani. Ndiyo maana sikuendelea na shule. Vijana wa pikipiki pale stejini huniita Yaya. "Yaya, umepika nini leo?" Huwa sijibu. Mimi si mtu wa maneno. Hata kununua chumvi, nikikuta watu wawili dukani, hungoja nje waondoke kwanza.

Kazi yenyewe si ya kuosha na kulisha tu. Sehemu ngumu ni hospitali. Kila miezi mitatu tunaenda Nakuru kwa daktari wa kifafa. Kila mwezi tunaenda Molo kwa mazoezi ya viungo, na huko ndiko walikonifundisha kwamba maji matupu humwingia kaka kwenye mapafu, kwa hiyo kila anachokunywa lazima kiwe kizito kama uji. Halafu kuna dispensari yetu ya hapa chini, ya homa na kifua na vidonda. Kila mahali wanataka mgonjwa aje na kitabu chake. Kitabu chenyewe ni daftari la shule, lile la kurasa tisini na sita. Cha Nakuru nilikivalisha karatasi ya kalenda ya rangi ya bluu. Cha Molo nilikivalisha pakiti ya unga. Cha dispensari hakikuwa na jalada.

Vitabu hivyo havikuwahi kukutana, na kulikuwa na sababu. Siku moja Nakuru nilitoa kitabu cha dispensari kwa makosa. Mama anayepokea vitabu dirishani alikiinua juu mbele ya foleni nzima. "Hiki ni cha wapi? Mnakuja na vitabu vya kila mahali, mmefungua duka?" Watu walicheka. Nilitokwa na jasho hadi miguuni. Tangu siku hiyo kila kitabu nilikishonea mfuko wake wa kitambaa.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Miaka miwili iliyopita kaka alishikwa na kifua, tukampeleka dispensari. Mhudumu aliyekuwa hapo wakati huo aliona kitabu cha Nakuru mkononi mwangu. Hakumpima hata joto. Alisema, "Huyu ni wa hospitali kubwa. Mpelekeni huko, sisi hatumwezi." Mvua ilikuwa imekata barabara. Tulirudi nyumbani tukamkalisha wima siku tatu, mama na mimi tukipokezana, mpaka akapona mwenyewe. Mama aliniambia tangu leo, ukienda dispensari, Nakuru haipo. Nikasema sawa. Niliona ni akili.

Sasa nieleze ya mwaka huu.

Ilikuwa Jumatatu, wakati wa kuchimba viazi. Kifua cha kaka kilikuwa kinakoroma tangu Jumamosi na mwili ulikuwa wa moto. Tulimshusha dispensari kwa kiti chake cha magurudumu, mama akivuta mbele na mimi nikizuia nyuma kwa sababu njia ni mteremko. Tulikuta daktari mpya, kijana, hajamaliza miezi mitatu hapo. Alimsikiliza kaka kifua vizuri. Alimsemesha mwenyewe, si kama wengine wanaoniuliza mimi kana kwamba kaka ni gunia.

"Pole sana, mzee wangu. Hiki kifua kinakusumbua, eh?"

Kaka akainua macho. Daktari akacheka kidogo, akaanza kuandika. Aliuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mama akasema ile ya kawaida ya kifua iliwahi kumtoa vipele. Daktari akasema basi atampa nyingine. Halafu akauliza, bado anaandika:

"Kuna dawa nyingine anatumia?"

Nilimwangalia mama. Mama alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Hapana," nikasema.

"Na kifafa? Watu wengi wa hali hii huwa nacho."

"Alikuwa nacho akiwa mdogo. Kiliisha."

Sijui maneno hayo yote yalitoka wapi. Mimi ambaye siwezi kuitisha chumvi. Daktari akanipa kibahasha cha vidonge, mara nne kwa siku. Tuliporudi nyumbani mama alinipigapiga begani akasema, "Umekuwa mwanaume."

Nilimpa kaka dawa ya kifua kama nilivyoelekezwa, na dawa yake ya kifafa asubuhi na jioni saa kumi na mbili kama kawaida. Nilisaga na kuchanganya na uji. Sikuruka hata moja. Nasema hivi kwa sababu wengine walidhani baadaye kwamba nilizembea. Sikuzembea. Niliharibu kwa kufanya kila kitu sawasawa.

Jumatano homa ilishuka. Kifua kiliacha kukoroma. Lakini kaka alikuwa analala. Alilala hadi saa nne, nikamwamsha akala vijiko vitatu, akalala tena. Mama alifurahi. "Mwili unapumzika. Mwache." Asubuhi ya Alhamisi alitapika dawa kidogo na uji mwingi. Mama alimpangusa, akamwombea, akaenda viazini. Simu yetu ni moja na huenda nayo, kwa sababu nyapara humpigia akitaka watu. Hata hivyo shamba lenyewe lilikuwa bondeni, hakuna mtandao.

Nilibaki nikimwangalia. Kitu kilinisumbua na sikuweza kukipa jina. Kama ni kifua kinamwangusha, mbona kifua kimepona? Pumzi ilikuwa safi. Niliweka sikio mgongoni kwake, pande zote mbili, kama nilivyoona madaktari wakifanya. Hakuna mkoromo. Mtu alikuwa anapona ugonjwa na wakati huohuo anazidiwa.

Saa tisa alasiri nilimwinua nimlishe. Shingo haikushika. Kichwa kilianguka upande kama cha mlevi. Nikamwita. Akafungua macho, na macho yalikuwa yanacheza. Yalikuwa yanakimbia upande, yanarudi, yanakimbia tena, madogomadogo, bila kusimama.

"Unanisikia?" nikamuuliza.

Sikuweza kujua kama yameinuka au hayakuinuka. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko kutapika. Macho ndiyo mdomo wake. Alikuwa amelala pale mikononi mwangu na kama alikuwa ananiomba msaada sikuwa na njia ya kumsikia.

Nilimlaza kwa ubavu, nikamwekea mto mgongoni asirudi chali. Halafu nilitoa vitabu vyote vitatu kwenye mifuko yake nikavipanga kitandani miguuni pake. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nilikuwa natafuta. Kitabu cha Molo kilikuwa na michoro ya miguu tu. Cha dispensari kilikuwa na ukurasa wa Jumatatu. Cha bluu nilikifungua mwanzo kabisa, ukurasa ambao daktari wa Nakuru alijaza miaka minne iliyopita na sikuwahi kuusoma kwa sababu ni Kiingereza na mwandiko wa haraka. Chini kulikuwa na mstari uliopigiwa kalamu nyekundu mara mbili. Baada ya mstari, majina ya dawa tano.

Nilichukua kibahasha cha dawa ya kifua nikakiweka chini ya majina hayo. Nilisogeza kidole herufi moja moja. La kwanza, hapana. La pili, hapana. La tatu lilikuwa ndilo. Nilirudia mara tatu nikitumaini nimekosea.

Sikuelewa maneno mengine. Lakini rangi nyekundu naijua maana yake.

Saa ilikuwa imekaribia kumi. Saa kumi na mbili ilikuwa zamu ya dawa zote mbili. Nilijaribu kufikiri kwa utaratibu. Nikimpa, labda namuua. Nisipompa ya kifafa, vilevile. Mara moja tulikwenda mazishi Olenguruone tukasahau dawa yake, na kifafa kilichomshika njiani kilikataa kuachia mpaka midomo ikawa ya kijivu. Daktari wa Nakuru alituonya: dawa hii haikatizwi ovyo. Kwa hiyo kumpa ni hatari na kumnyima ni hatari, na aliyejua ipi ni ndogo alikuwa dispensari, ambayo hufungwa saa kumi na moja. Nikishuka kwa miguu kwenda na kurudi, nitamwacha peke yake karibu saa nzima, na alikuwa anatapika. Majirani wote walikuwa viazini.

Nilisimama barabarani mlango ukiwa wazi nyuma yangu nimwone. Nilingoja. Pikipiki ya kwanza ilipita kasi, nikainua mkono nusu, haikusimama. Ya pili ilikuwa imebeba mitungi mitupu ya maziwa, na aliyeiendesha alikuwa mmoja wa wale wa stejini. Nilipiga kelele. Sikuita jina, ilikuwa kelele tu.

Alisimama mbele huko, akarudi nyuma akisukuma kwa miguu. "Yaya! Kumbe una sauti? Nilidhani umemeza ulimi."

"Nipelekee vitabu dispensari. Kwa daktari. Sasa hivi."

"Vitabu? Nina maziwa ya watu ya kuchukua, boss."

"Kaka yangu anakufa."

Akazima pikipiki.

Nilikimbia ndani kuleta vitabu, nikaona vitabu peke yake havitasema lolote. Daktari ataona kifafa, atadhani ni vya mtu mwingine, kwa sababu mimi nilimwambia kifafa kiliisha. Lazima niandike. Nilichana karatasi nikapiga magoti kando ya kitanda. Mimi si mwepesi wa kuandika. Nje yule wa pikipiki akaanza kupiga honi.

"Kijana, unaandika Biblia? Wanafunga!"

"Ngoja!"

Niliandika hivi, nakumbuka kila neno: *Daktari. Mimi ni yule wa Jumatatu mwenye kaka asiyetembea. Nilikudanganya. Kifafa bado anacho. Dawa yake iko kwenye kitabu cha bluu. Dawa uliyompa iko kwenye mstari mwekundu. Kifua kimepona lakini hashiki shingo, anatapika, macho yanacheza. Saa kumi na mbili ni saa ya dawa zote mbili. Nimpe au nisimpe.*

Neno "nilikudanganya" lilinichukua muda kuliko mengine yote. Nilikaa juu yake honi ikilia. Kulikuwa na njia ya kuandika "nilisahau". Nilifikiri juu ya ile siku mhudumu alipotufukuza, na jinsi mama atakavyosema. Lakini mtu akisahau, daktari atajiuliza amesahau nini kingine. Mtu akidanganya na akasema, basi ameshasema. Sijui kama hiyo ni hoja nzuri. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Yule kijana aliingiza vitabu vitatu ndani ya jaketi, akavuta zipu hadi shingoni, akashuka mlima.

Mama alifika kabla ya mtu mwingine yeyote. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, udongo umemkauka hadi magotini. Alimwona kaka, akashika mdomo. Nikamweleza. Nilipofika kwenye barua akasema polepole:

"Umemwandikia kwamba tulimdanganya?"

"Kwamba nilimdanganya. Mimi."

"Kwa karatasi. Kitu ambacho atakiweka." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Sasa umefunga na huo mlango. Akishikwa na kifua tena tutampeleka wapi? Nitambeba mgongoni hadi Nakuru?"

Redio ya jirani aliyerudi shambani ilianza kulia, nikajua habari zinakaribia. Mama akainuka. Akachukua kijiko na kidonge cha kifafa kutoka kwenye kopo.

"Mama, ngoja."

"Ningoje nini? Unataka kimshike kama siku ya mazishi?"

"Ngoja daktari aseme."

"Daktari gani? Umemwona daktari hapa?"

Akaanza kusaga. Nikamshika mkono. Sijawahi kumshika mama mkono hivyo maishani, na alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Tulisimama hivyo tukivutana juu ya kijiko, wote wawili tunalia, redio ikapiga milio yake ya saa kumi na mbili. Kaka alitapika tena, kidogo, maji ya njano. Tuliachana tukamgeukia.

Bado tulikuwa tumeinama tuliposikia pikipiki ikipanda. Daktari alikuwa nyuma amekumbatia mkoba. Hakusalimu. Alisema mlangoni, kabla ya kuvua kofia ya pikipiki:

"Amepewa ya jioni?"

"Bado," nikasema.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Alitoa pumzi kubwa, akapiga magoti palepale nilipoandikia barua. Alimpima, akammulika macho, akahesabu pumzi. Halafu akatueleza, akimwangalia mama zaidi. Dawa ya kifua ilikuwa imeziba njia ambayo dawa ya kifafa hupitia ili itoke mwilini. "Ni kama mtaro uliozibwa na majani, mathe. Kila asubuhi na jioni mnamwaga maji, na hayatoki. Tangu Jumatatu yanajaa." Akasema kaka asipewe chochote hapo nyumbani, ataangaliwa hospitali ya Molo, na gari la wagonjwa ameshaliita.

Tukiwa tunangoja gari, alifungua kitabu cha bluu akapiga namba ya kliniki ya Nakuru. Alimpata daktari wa kule akiwa anafunga ofisi. Waliongea Kiingereza, sikukielewa chote, lakini nilisikia jina la kaka mara mbili. Kaka alikuwa amefika umri wa miaka ishirini na tatu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza madaktari wake wawili kuzungumza.

Tulikaa Molo siku nne. Siku ya pili kifafa kilimshika, dakika chache, wakakizuia kwa sindano. Mama hakunisemesha siku hiyo. Siku ya tatu macho yalitulia. Muuguzi alimuuliza kama anataka uji, akainua macho juu kabisa hadi nikaona weupe, na mama akatoka nje akasimama kwenye korido muda mrefu.

Tuliporudi, nilikwenda dispensari peke yangu. Nilijiandaa kutukanwa. Daktari alinirudishia barua yangu, hakuwa ameiweka kwenye faili yoyote.

"Ungenidanganya mara ya pili, tungekuwa tunaongea mengine," akasema. "Lakini na mimi niliuliza vibaya. Niliuliza huku naandika." Halafu akauliza kwa nini. Nikamweleza juu ya mhudumu wa zamani na mvua na zile siku tatu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi siwezi kumfukuza mtu kwa sababu ya kitabu," akasema. "Ila sisi hatukai, unajua. Tunahamishwa."

Tangu hapo nina kitabu kimoja kikubwa. Kila tunakotoka nanakili humo dawa, kipimo, nani aliandika na kwa nini. Ukurasa wa kwanza nimeandika yale majina matano kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa, mtu yeyote aone. Molo walikikubali bila neno. Nakuru bado hatujaenda.

Mama hajasema nilifanya vizuri. Jana usiku alisema kitu kingine. Alisema Jumatatu ile, wakati daktari aliponiuliza, aliangalia viatu kwa makusudi ili nijibu mimi. Niliendelea kumkanda kaka miguu.

Sasa yule daktari amepata barua ya uhamisho. Mwezi ujao anaripoti mwingine, na hakuna anayejua ni mtu wa aina gani. Mama anataka tungoje kwanza tumsome. Mimi nasema siku ya kwanza kabisa niingie na kitabu kikubwa, niweke mezani, niseme kila kitu kabla hajauliza. Tunabishana kila jioni na hakuna aliyeshinda.

Nyinyi mnaosoma haya, wengine najua mnalea mtu wa namna hii nyumbani, na mmeshapitia madaktari wengi kuliko mimi. Niandikieni. Niambieni mliposimama mbele ya mgeni kama huyo mlianza na neno gani, na kama alimpokea mgonjwa wenu au aliwarudisha. Hata kama aliwarudisha, niambieni, nami nitamsomea mama.